Rambirambi Zenye Muhuri

Karatasi isiyo na muhuri mimi siiamini, hata kama imeandikwa na mama yangu mzazi. Nalisema mapema ili tusije tukasumbuana mbele. Jina langu ni Adalbert, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa katibu wa ofisi yetu ya mutuelle, yaani bima ya afya ya wanachama, hapa Bukavu, kwenye mteremko wa Nyawera. Wakurugenzi wanne wamekuja na kuondoka. Muhuri umebaki kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo umebaki mfukoni mwangu.

Tangazo letu lilikuwa linatengenezwa hivi. Naliandika kwenye kompyuta, herufi kubwa, na nyota za kupamba juu na chini. Nalichapisha. Maman Gisèle, mkurugenzi wetu, anatia saini. Naupumulia muhuri mara mbili, napiga. Karatasi nailaza mezani karibu na dirisha, naipiga picha kwa simu, na picha hiyo naituma kwenye makundi yote ya WhatsApp, kuanzia Walungu mpaka Minova. Kwenye kona ya kila picha kuna kidole gumba changu, kwa kuwa karatasi hujikunja na lazima mtu aishike. Wanachama wanakijua kidole hicho. Tangazo likifika bila kidole cha Papa Adalbert, wanapiga simu kuuliza kama si uongo.

Basi Jumatatu moja asubuhi Maman Gisèle akatukusanya kwenye chumba cha mikutano, na uso wake haukuwa wa utani.

"Bamemba benye habaone banalalamika," alisema. "Matangazo yetu haibafikie. Kuanzia leo, siku tatu, batu bote formation. Tutajifunza kutengeneza matangazo yenye kila mutu anaweza kusoma na simu yake, ata kama haone."

"Na formateur ni nani?" aliuliza Ornella, anayeshughulikia ukurasa wetu wa Facebook.

"Papa Amisi wa Nyamugo. Iko kwenye ngazi, anapanda."

Jina hilo sikutaka kulisikia. Ni lazima niwaeleze, maana bila hilo mtaniona mtu mbaya, na mimi si mbaya, nina kiburi tu.

Amisi na mimi tulikalia dawati moja miaka sita ya sekondari. Akawa mwalimu wa hesabu, nikawa katibu. Alipofika miaka thelathini na minane macho yake yakazimika, la kushoto kwanza, la kulia mwaka uliofuata. Marafiki wengi walipotea njia ya kwake. Mimi sikupotea. Kila Jumapili baada ya misa nilipanda Nyamugo kula kwake, na mke wake Nafisa, mtoto wa wafanyabiashara wa zamani wa Uvira, alipika wali wa kumfanya Mkatoliki aanze kuulizia Idi miezi miwili kabla. Tulikula, tulibishana, tulicheka. Hivyo kwa miaka kumi na minne.

Siku moja Amisi akanionyesha simu yake mpya. Ilikuwa inasema. Ilimtajia saa, ilimtajia jina la anayepiga, ilimsomea ujumbe kwa sauti ya mama mmoja wa Kifaransa asiyechoka. "Iyi simu inasoma yote," alinitambia. Nikaamini. Mtu akiniambia yote, mimi naelewa yote. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimtumia zile picha za maua zilizoandikwa "Siku njema yenye baraka", na yeye kila Jumapili alinitania kwamba maua yangu hayana harufu. Nilidhani anayasoma.

Mwaka jana Nafisa akafariki, ghafla, homa ya siku mbili. Mimi nilikuwa hospitalini Katana, nimepasuliwa ngiri. Nilipozinduka vizuri dada yangu akaniambia taratibu kwamba Nafisa hayuko tena, na kwamba wamekwisha kumzika tangu juzi. Nikampigia Amisi. Akaitika "Allô", na sauti yake ilikuwa ya mzee wa miaka mia. Nikakata. Chumba kilikuwa na wagonjwa kumi na wawili, na mimi kilio changu si cha kuonyesha watu.

Nikaamua kuandika. Kwa msiba mkubwa namna ile mtu mzima anaandika, na anaandika kama inavyopasa. Destin, dereva wetu, alikuja kunitazama na pikipiki. Nikamsomea maneno, akayachukua kwa kalamu, akarudi nayo Bukavu, Ornella akayachapa kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitoa ufunguo wa droo. Kesho yake Destin akarejea Katana na barua, na muhuri ndani ya leso, na leso ndani ya boksi la maandazi. Muuguzi akauliza kama ni dawa ya kienyeji. Nikatia saini, nikapiga muhuri juu ya Biblia ya jirani yangu wa kitanda, nikaipiga picha juu ya shuka, kidole gumba kwenye kona. Nikaituma. Ilikuwa siku ya nne ya msiba, na niliona sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Amisi hakujibu.

Wiki moja, wiki tatu, hakuna. Nikatoka hospitalini na hasira kuliko maumivu. Mimi, niliyeusafirisha muhuri wa ofisi kwa pikipiki! Hata "aksanti" moja? Tulipokutana mara moja barabarani nilimsalimu, naye akajibu, "Jambo, Monsieur le secrétaire," akapita na fimbo yake kama mtu anayepita karibu na nguzo. Monsieur le secrétaire! Tangu hapo miezi kumi na mmoja Jumapili zangu zilikuwa ndefu, na chakula changu kilikuwa cha mgahawani. Nilimkosa, nasema ukweli. Nilimkosa na sikumsamehe.

Na sasa huyo alikuwa anaingia chumbani, shati jeupe, fimbo imekunjwa kwapani, na kipaza sauti kidogo mkononi.

Alisalimia wote kwa majina kadiri walivyojitaja. Nilipojitaja mimi alisema "Ndiyo" tu. Kisha akaunganisha simu yake na kile kipaza sauti, akasema: "Munitumie tangazo ya mwisho ya ofisi. Nani njo anatumaka?"

Nikasimama. Mbele ya watu wote nikamtumia wito wa mkutano mkuu, kazi yangu ya Ijumaa, nyota arobaini juu, arobaini chini, muhuri umekaa vizuri sana.

Yule mama wa Kifaransa akasema: "Adalbert. Foto."

Tukangoja. Mama hakuongeza neno.

"Njo ile tu," alisema Amisi.

"Haiwezekane," nilisema. "Kuko tarehe, kuko saa, kuko saini, kuko cachet ya ofisi!"

"Kwangu kuko foto."

Destin akaanza kucheka chinichini. Nikaituma tena, maana mitandao yetu mnaijua. "Adalbert. Foto." Destin akashika mbavu.

"Musimucheke," alisema Amisi, na hapo nilimwona yule mwalimu wa hesabu. "Ofisi yote ya Bukavu inafanya hivi. Tunaandika kwa ordinateur, maandiko inasomeka muzuri. Kisha tunaichapa, tunaigonga cachet, tunaipiga foto. Maandiko ilikuwa nzima, tunaiua sisi benyewe, tunatuma maiti. Simu yangu inasoma maandiko. Foto ya maandiko haiwezi kusoma. Kuko simu zingine zinajaribu, ila yangu ni muzee sawa mi." Akapitisha kidole juu ya kioo, akirudi nyuma. "Musikie. Uyu mutu mumoja tu, miaka mbili."

Na yule mama akaanza: "Adalbert. Foto. Adalbert. Appel, trois secondes." Simu ya sekunde tatu. Hapo hapo kidole kikaendelea: "Foto. Foto. Foto. Foto."

"Ni maua," Amisi aliwaeleza wengine bila kugeuka upande wangu. "Batoto baliniambiaka. Kila asubui maua. Ata kwa kilio ya bibi yangu, alinipigia, akakata, kisha siku ya ine akanitumia maua. Basi. Tuendelee."

Watu walinitazama. Mimi nilikuwa nimeketi, sijui nilikaa saa ngapi. Maua! Miezi kumi na mmoja yule mtu alikuwa anajua kwamba rafiki yake alisikia sauti yake, akakata simu, akamtumia ua lenye baraka za asubuhi. Mimi nisingemsalimu hata barabarani. Mimi ningempiga na fimbo.

Wakati wa mapumziko nilimfuata kwenye veranda.

"Amisi, ile foto ya siku ya ine haikuwa maua. Ilikuwa barua."

Uso wake ulikuwa umeelekea ziwani. "Weye unajua mi sioni."

"Uliniambia simu inasoma yote!"

"Na miezi kumi na moja yote weye hauna mudomo?"

Jibu lilikuwa kiburi, na kiburi hakitamkiki kirahisi. Nikamwambia karatasi ninayo, iko kwenye faili, niite Ornella amsomee sasa hivi.

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Tangu Nafisa afariki, batu bananisomea kila kitu. Barua ya banki, karatasi ya dawa, ata rambirambi, jirani ananisomea na yeye njo analia. Mi sikupata nafasi ya kulia. Kama weye iko na kitu ya kuniambia, uitengeneze vile mi naweza kuisoma mi mwenyewe. Formation inaisha mercredi." Akakunjua fimbo yake. "Kisha mi sitarudia tena kupanda ngazi ya hapa."

Basi nikaelewa hali yangu. Nilikuwa na siku mbili, mpaka Jumatano.

Jumanne ilikuwa siku ya kueleza picha. Amisi alituambia kwamba picha yoyote tunayotuma ifuatane na maneno machache ya kusema nini kimo ndani, ili asiyeona naye aipate. Maman Gisèle akatoa picha anayoipenda kuliko zote, yeye akikata utepe kwenye ufunguzi wa ofisi yetu ndogo ya Walungu. Kila mtu aandike maelezo yake, simu itasoma.

Ornella aliandika: "Picha nzuri sana ya Directrice wetu mpendwa katika siku ya kihistoria." Maman Gisèle akatabasamu.

Destin aliandika: "Mwanamke wa kilo karibu mia, ameshika makasi. Nyuma yake mbuzi anakula utepe."

Simu ikasoma mpaka mwisho, kwa ile sauti yake ya heshima. Mtu mmoja akakohoa. Maman Gisèle aligeuka polepole kama mlango mzito na kumtazama Destin, na Destin akatazama viatu vyake.

Lakini Amisi alikuwa amejishika meza kwa kicheko. "Mbuzi? Kuko mbuzi? Kila mutu aliniambia habari ya ile foto, eti ya kihistoria, hakuna ata mumoja alinisemea mbuzi!" Akapangusa macho. "Maman Directrice, unisamehe, kilo tunaweza kuitosha, kuifuta. Mbuzi ibakie. Mufahamu: nzuri, mpendwa, ya kihistoria, ile yote ni maoni yenu. Mi munipe kitu iko ndani. Kama iko muzuri, mi mwenyewe nitasema iko muzuri."

Kisha wakafika kwangu. Nilikuwa nimeandika: "Picha rasmi, imepigwa muhuri."

"Ndani kuko nani?" aliuliza Amisi.

"Kuko... muhuri."

Hata Maman Gisèle alicheka, na kwa kicheko hicho akamsamehe Destin.

Mchana huo nilitoa barua kwenye faili na kumwomba Ornella anifundishe vizuri. Ile ya kwenye kompyuta ilikuwa imepotea na kompyuta yenyewe. Ornella alinifundisha kwamba kichwa cha habari hakitengenezwi kwa kukuza herufi na kugonga nafasi mara thelathini. Kuna mahali pa kumwambia kompyuta "hiki ni kichwa", na simu itakitaja hivyo: "Titre." Nilijaribu na nyota zangu. Yule mama akasoma: "Astérisque, astérisque, astérisque..." Tulimwacha aendelee, Ornella alienda kununua maji ya kunywa akarudi, mama alikuwa bado na nyota.

"Papa Adalbert, izi nyota zinamusaidia nani?" aliuliza Ornella.

Nikazifuta. Iliniuma, lakini nikazifuta zote themanini.

Kisha nikaanza kunakili barua. Niliandika: "Kumbukumbu namba 047. Yahusu: rambirambi." Niliandika: "Ni kwa masikitiko makubwa na majonzi yasiyo na kifani." Niliandika: "Marehemu alikuwa nguzo ya familia na mfano wa kuigwa." Hapo vidole vikasimama. Nikaisoma karatasi yote tena kutoka juu, ile niliyoiona kitu kizuri kuliko vyote nilivyoandika, na nikamtafuta Nafisa ndani yake. Hakuwemo. Ungeweza kufuta jina lake, ukaweka la mke wa meya, na hakuna ambaye angeshtuka. Kitu cha maana pekee kwenye karatasi ile kilikuwa muhuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, peke yangu mbele ya kompyuta.

Nilifuta yote. Nikakaa na ukurasa mweupe mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala. Halafu nikaandika nilichokiona kwa macho yangu, bila kuulizia kama ni rasmi.

Jumatano kila mmoja alileta kazi yake ya mwisho. Mimi nilimtumia Amisi yangu mapema, saa mbili na nusu, kabla hajafungua kipaza sauti, nikitegemea atavaa kile kisikizi chake cha sikioni na kuisoma pembeni, mtu na barua yake. Nilisahau kwamba ni mwalimu. Mwalimu husahihisha ubaoni.

Walipita wote. Tangazo la Ornella lilisomeka kama maji. La Destin lilikuwa na kichwa mara tatu, lakini lilisomeka. Maman Gisèle alikunja mikono. "Sasa tusikie convocation ya assemblée," alisema, yaani ule wito wa mkutano mkuu. "Ile njo ya lazima."

"Tusikie ya Monsieur le secrétaire," alisema Amisi, na kidole kikaenda.

"Ngoja!" Niliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Ile haiko convocation, Amisi, ile ni..."

"Adalbert," alisema yule mama wa Kifaransa. "Titre. Nafisa."

Kidole cha Amisi kilisimama hewani. Angeweza kumnyamazisha. Nilimwona anafikiri, na chumba kizima kilimwona. Kisha akateremsha mkono juu ya meza, akamwacha mama asome, na mama akasoma Kiswahili chetu kwa lafudhi ya padri Mbelgiji aliyeshuka kwenye ndege jana yake.

"Amisi ndugu yangu. Nafisa alipofariki nilikuwa kitandani Katana, tumbo limeshonwa. Nilikupigia, nikasikia sauti yako, kilio kikanikaba, nikaona haya nikakata. Kisha nikakuandikia barua, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha, na wewe hukuipata. Hukukosa kitu. Nafisa hakuwemo. Leo namweka.

"Nina neno la kuungama. Kila Jumapili, miaka yote kumi na minne, Nafisa alikuwa anakwangua ukoko chini ya sufuria, ule wekundu unaolia mdomoni, na kuuweka wote kwenye sahani yangu. Wewe ulikuwa unauliza: Nafisa, leo tena hakuna ukoko? Naye anakujibu kwamba sufuria yake haishiki. Kisha ananitazama, kidole mdomoni, nisiseme. Anauma upindo wa kitenge chake ili asicheke, na mabega yanamtikisika. Anakutazama wewe unavyotafuta ukoko kwa kijiko, na uso wake unakuwa kama wa msichana. Hivyo ndivyo alivyokuwa anakutazama. Mimi niliulowesha ukoko kwenye mchuzi kwanza, ili usisikie meno. Nilipaswa kukuambia zamani. Niliogopa utanikataza kuja."

Mama akanyamaza. Hakuna muhuri, hakuna saini. Nilikuwa bado nimesimama, kiti kimelala nyuma yangu, na nilitamani sakafu ya Nyawera iteremke na mimi mpaka ziwani.

Amisi hakutikisika. Kisha kidole chake kikarudi juu ya kioo, kikatafuta, kikagonga.

"Anauma upindo wa kitenge chake ili asicheke, na mabega yanamtikisika," alisema mama.

Akagonga tena. Akasikiliza tena, kichwa kimeinama karibu na kipaza sauti. Mara ya tatu.

"Miaka kumi na ine," alisema mwishowe.

"Amisi, unisamehe."

"Miaka kumi na ine! Mi nilirudisha ile sufuria kwa mwenye kuniuzisha! Nilimutukana mbele ya batu ya soko, nikamwambia eti ananiuzisha sufuria ya uongo, haitoe ukoko! Maskini akanipa ingine!" Aligeuza uso kunielekea, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Na ile ingine nayo ikakosa ukoko! Mwizi weye! Mwizi na bibi yangu, babili, ndani ya nyumba yangu!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akapiga meza kwa kiganja, "Eti haishiki! Eti haishiki!", na Destin akacheka, na Ornella akacheka, na katikati ya kicheko hicho Amisi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, bila jirani wa kumlilia badala yake. Nilizunguka meza. Nilimshika mabega, na mimi nikalia, mbele ya wafanyakazi wote na mkurugenzi, na haikunipunguzia kitu.

Maman Gisèle hakuulizia tena wito wa mkutano. Aliwapungia wengine mkono, wakatoka mmoja mmoja kwenda kula, yeye wa mwisho, akaurudisha mlango taratibu.

Tulibaki wawili. Amisi alijipangusa kwa mkono wa shati.

"Mi nilikuwa najua sauti yake tu," alisema. "Hakuna mutu aliniambia vile alikuwa ananiangalia." Akasita. "Ile kitenge. Iko rangi gani?"

"Ya kijani," nilisema. "Iko na ndege, bidogo bidogo, ya manjano."

"Kijani?"

"Kijani sawa majani ya muhogo."

"Njo mi nilimununulia ile, ya harusi ya dada yake. Mi niliomba bleu! Mwenye kuuzisha aliniapia bleu. Nikaipeleka kwa nyumba, nikamwambia Nafisa, nimekuletea bleu yenye unapenda. Akasema aksanti, iko bleu muzuri sana." Mdomo ukamcheza. "Aliivaa miaka ngapi?"

"Yote. Kila Jumapili."

Amisi alitafuta kiti kwa mkono, akaketi karibu na kompyuta yangu, akaisukuma kidogo upande wangu.

"Andika na ile ya bleu," alisema.